Dangdut imefika Ikulu, singeli bado inapigwa virungu

Wadau wa nyumbani mnaoniulizaga huku Indonesia watu wanasikiliza nini, jibu ni dangdut, muziki wa kucheza wa hukuhuku. Najua mlitaka niseme K-pop na kweli ipo, Blackpink walijaza uwanja wa Gelora Bung Karno pale Jakarta Machi 2023 na hapa Malang, Java Mashariki, ninapoishi, watoto wa chuo mabegi yao yamejaa picha za Wakorea, ila toka kidogo tu nje ya mji, nenda kwenye harusi, kwenye tohara ya mtoto, kwenye sherehe za uhuru mwezi wa nane, utakutana na dangdut tu mpaka usiku wa manane.

Na kwa sie tuliokulia Temeke huo muziki sio mgeni kivile. Ulitoka kwenye okestra za Kimelayu zilizokuwa zinachukua melodi za filamu za Kihindi na vionjo vya Kiarabu, yaani chungu kilekile ilimopakuliwa taarab ya pwani, mtu wa Mombasa aliyekua akisikiliza taarab ya Juma Bhalo ukimwekea dangdut ya zamani atatikisa kichwa kabla hajajua inaimbwa lugha gani. Miaka ya 1970 akaja Rhoma Irama akaingiza gitaa la rock na mawaidha ya dini humohumo, wakamwita mfalme, wenye hela zao wakaendelea kusema huo ni muziki wa washamba. Halafu 2003 dada mmoja wa Pasuruan, Inul Daratista, akakata kiuno kwenye TV nchi nzima ikagawanyika, Rhoma mwenyewe akamshambulia hadharani, na Inul ndo kwanza akazidi kuwa staa. Mnakumbuka kelele za baikoko, ile ngoma ya Tanga ya kukata viuno? Basi ni hivyohivyo.

Kitu kilichoniacha hoi ni kutunza, yaani kumpa mwimbaji hela jukwaani. Wenyewe wanaita sawer. Mzee anabadilisha noti zake kubwa anapata bunda la elfu mbili mbili na elfu tano tano za rupia (elfu tano haifiki dola moja msije mkadhani huku kila mtu tajiri), anapanda jukwaani anacheza taratibu mbele ya mwimbaji huku anachomoa moja moja, mwimbaji anapokea na kumtaja jina bila kukosa hata beti moja. Tofauti na kwetu ni kwamba huku niliowaona wanapanda ni wanaume zaidi, kwetu kwenye taarab wenye ukumbi ni kina mama, wanakuja na noti juu wimbo ukimgusa fulani aliyekaa meza ya pili na yeye anajua kabisa anasemwa yeye. Mafumbo bado tunawashinda, hilo siwaachii.

Ila sasa kuna hili linaloniuma. Mashindano ya Asia ya 2018 yalifanyika Jakarta na Palembang, kwenye ufunguzi aliyepanda kuimba wimbo rasmi ni Via Vallen, mwimbaji wa dangdut koplo (ile ya kasi) aliyeanzia kwenye majukwaa ya mikoani. Tarehe 17 Agosti 2022, Ikulu, sherehe za uhuru, mtoto Farel Prayoga wa Banyuwangi aliyekuwa anaimba mtaani akaimba Kijava mbele ya rais Jokowi, mawaziri na majenerali wakainuka kucheza. Kijava, sio hata lugha ya taifa! Na Didi Kempot, aliyeanza kwa kuimba barabarani, alifariki Mei 2020 akiwa kipenzi cha vijana wadogo kabisa waliokuwa wanalia machozi kwenye shoo zake, akiimba Kijava hichohicho.

Sie singeli, muziki wetu wa kasi wa uswazi, ilizaliwa Manzese na Tandale huko Dar, ikatolewa kwenye muziki wa mchiriku na vinanda vyake vidogo vya Casio, lakini mpaka 2017 lebo ya Nyege Nyege ya Uganda ilipotoa albamu ya Sisso na wenzake na Wazungu wakaanza kucheza, ndo baadhi ya watu wa mjini wakagundua kumbe ni muziki. Kabla ya hapo ilikuwa uhuni. Kwenye kampeni tunawaita wachangamshe uwanja, uchaguzi ukiisha tunarudi kuwaita wahuni.

Kuna mtu atasema Indonesia wako wengi ndo maana, na ni kweli, sikatai. Wajava peke yao ni wengi kuliko Watanzania wote tuliohesabiwa 2022, na tulikuwa milioni 61 na ushee. Filamu yao ya kutisha KKN di Desa Penari iliuza tiketi zaidi ya milioni 9 hukohuko ndani mwaka 2022, sasa mtu wa hivyo atahangaika kuimba Kiingereza amfurahishe nani? Ndo maana pia wasanii wao nje hawajulikani sana, wakati Bongo Fleva ukiwa Lagos au Kinshasa unaisikia. Lakini kumheshimu mtoto wa uswazi wala hakuhitaji watu milioni 280.

Halafu msidhani nawasifia kila kitu. Huku Java Mashariki kuna kitu kinaitwa sound horeg, maspika yamepangwa kwenye lori ghorofa kwa ghorofa yanapita mtaani usiku, bati zinatetemeka, jirani yangu anabandika utepe kwenye vioo kabla halijapita, mie natoka nje kabisa maana kifua kinagonga. Vigodoro vya Dar, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, ni mtoto mchanga. Mwaka 2025 baraza la maulamaa la mkoa likatoa fatwa, kisha serikali ya mkoa ikaweka masharti ya sauti na maeneo. Hapo ndo tofauti naiona, wameandika kiwango cha kelele, ukivuka ndo unaguswa. Vigodoro vyetu vilipigwa marufuku jumla, polisi wakaja na virungu, mwenye spika akakimbia na waya mkononi na wiki iliyofuata akafunga spika zake mtaa wa nyuma.