Simu ya siku ya 30

Hapa Uingereza mimi ni muuguzi wa utafiti katika idara ya dawa za usingizi. Asubuhi nazungukia wodi za wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Navuta kiti, nakaa, naeleza utafiti wetu unatafuta nini, dawa ipi inapimwa dhidi ya ipi, na kwamba nani apewe ipi huamuliwa kwa bahati nasibu, daktari wa mgonjwa hana usemi hapo. Juzi mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema hapana, hataki. Nikamshukuru, nikarudisha kiti mahali pake, naye akahudumiwa kama wengine wote. Wanaokubali nawapigia simu siku ya 30 baada ya upasuaji. Kidonda kimekauka? Unapanda ngazi bila kuhema? Ulilazwa tena?

Ndugu na jamaa wakiniuliza huku kuna nini ambacho nyumbani hakipo, wanategemea nitaje mashine. Mashine zipo, tena nzuri. Lakini kama ningeruhusiwa kubeba kitu kimoja tu nikirudi, ningebeba hiyo simu ya siku ya 30.

Nyumbani nilifanya kazi zamu za usiku katika wodi ya upasuaji. Kuna chati moja sijaisahau, ya mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji. Saa mbili usiku presha 120/80. Saa nne 120/80. Saa sita 120/80. Saa nane vilevile, mwandiko mmoja, kalamu moja. Saa kumi alfajiri nilimgusa mkono nikakuta wa baridi, na nilipofunua shuka, godoro lilikuwa limelowa damu. Tukamkimbiza tena chumba cha upasuaji, na kwa rehema za Mungu akapona. Simlaumu mwenzangu aliyejaza chati ile. Alikuwa peke yake na wodi nzima, mtu mmoja hawezi kupima presha za watu wote hao kila baada ya saa mbili. Kinachoniuma ni kwamba faili lilifungwa, likawekwa kabatini, na tukio lile halikuingia kwenye hesabu yoyote.

Mwaka 2018 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika, wagonjwa zaidi ya 11,000 waliofuatiliwa baada ya upasuaji. Walikuwa vijana kuliko wagonjwa wa nchi tajiri, na hali zao kabla ya upasuaji zilikuwa nafuu. Hata hivyo walikufa kwa kiwango mara mbili ya wastani wa dunia, na zaidi ya vifo tisa katika kila kumi vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Yaani wodini. Nilipousoma niliiona ile chati.

Waliokusanya takwimu hizo ni madaktari na wauguzi wa hospitali zilezile, kwa hiyo nisiambiwe kwamba nyumbani hatuwezi. Tena hawakuishia hapo. Walirudi na jaribio kubwa zaidi, nchi 28, wakiwachagua wagonjwa walio hatarini na kuwaangalia kwa karibu: vipimo vya mara kwa mara, kitanda mbele ya meza ya wauguzi, ndugu aruhusiwe kukaa naye. Matokeo yalitoka 2021, na madhara makubwa na vifo havikupungua. Wakachapisha hivyohivyo. Mimi nawaheshimu sana kwa hilo, maana sasa tunajua kwamba kuongeza maelekezo juu ya muuguzi yuleyule mmoja hakutoshi, na anayetoa fedha hana budi kumlipa wa pili.

Na huku wanakula matunda ya kazi yetu. Kila mgonjwa akiingia chumba cha upasuaji, wote husimama, husomwa orodha ya usalama: jina lake, upasuaji gani, upande upi, mzio. Orodha hiyo ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo Ifakara, Tanzania, na vifo vikashuka kutoka 1.5% hadi 0.8%. Nimewaambia wenzangu hapa, wengi hawakuwa wanajua.

Ila utafiti wa nyumbani usifanywe kwa kumshikisha mgonjwa wino. Nimeshuhudia fomu ya ridhaa ya kurasa kadhaa, kwa Kiingereza, na kidole gumba kimegandamizwa chini kabla mtu hajaelezwa lolote. Yule mzee wa juzi aliweza kusema hapana kwa sababu alielewa anachokikataa. Mgonjwa wa nyumbani anastahili kiti kivutwe, aelezwe kwa lugha yake, na akikataa asiogope kwamba atachelewa kupelekwa kwenye upasuaji.

Yule mama aliondoka siku ya nane, mtoto mikononi. Namba ya simu ya mumewe ilikuwa imeandikwa juu ya jalada la faili, kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyeipiga, nami sikuipiga.