Gede: Tulinde Ukuta au Mti?

Tangu UNESCO ilipouingiza mji wa kale wa Gede, pwani ya Kenya, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwezi Julai 2024, swali la siku nyingi limepata uzito mpya: msitu unaoyafunika magofu yale unayalinda au unayamaliza?

Wanaosema unayamaliza wana hoja nzito. Gede, karibu na Watamu, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na wenyewe wakauhama mwanzoni mwa karne ya 17. Miti ikaota majumbani. Hadi leo utaona mzizi mnene kama paja umeteremka juu ya ukuta, ukaingia kwenye ufa, na mawe yameanza kuachana. Mti mwingine unaweza kuota. Lile kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, likibomoka, fundi atajenga jingine tu, hatalirudisha lile.

Hata hivyo, shoka nalo lina madhara yake. Mti mkubwa ukikatwa, mizizi iliyobaki ndani ya ukuta huoza na kuacha matundu, na jiwe lililokuwa limebanwa linalegea. Majani nayo huvunja nguvu ya mvua kabla haijaipiga chokaa. Isitoshe, pale kuna wenyeji wengine: kima, ndege, na sange mwenye rangi ya dhahabu karibu na mkia, mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayepatikana pwani ya Kenya peke yake na ambaye yumo hatarini kutoweka. Gede umeorodheshwa kama urithi wa utamaduni. Nahofia fedha na macho vitaelekezwa kwenye kuta, na sange asahaulike.

Kwa maoni yangu, kufyeka ovyo ni kosa, na kuacha kila mche uote ni kosa pia. Mche uliochipuka juu ya ukuta ung'olewe mapema, ukiwa bado unang'oleka kwa mkono. Mti mkubwa ulioshikana na jengo upunguzwe matawi na ukuta uegemezwe. Ulio mbali na jengo uachwe. Kazi hiyo inahitaji watu wa kudumu wanaopita kila msimu wa mvua. Mradi wa miaka miwili ukiisha, miche huota upya.

Wageni nao wanachangia tatizo. Kima wa Gede wamezoea ndizi. Mgeni akinyoosha mkono, kima anampanda begani, picha inapigwa, watu wanacheka. Najua wapo wanaopata riziki kutokana na picha hizo, na riziki si jambo la kupuuzwa. Lakini kima anayelishwa na watu huja kunyang'anya, huuma, na hupokezana maradhi na binadamu. Afadhali kipato kitoke kwingine. Papo hapo Gede mfano upo: mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi hadi vijifunge ndani ya ganda, kisha huuzwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mkulima yule ana sababu ya kuutaka msitu ubaki umesimama.

Makumbusho ya Taifa ya Kenya, yanayousimamia mji huu, yaanze na hilo la ndizi. Linahitaji kibao langoni na msimamo wa waongoza watalii, na linaweza kufanyika kabla ya msimu ujao wa wageni.