Galaxy Airlines: ni mafuta tu yaliyoiangusha?

Galaxy Airlines ya Japani ilianza kusafirisha mizigo kwa ndege mwishoni mwa Oktoba 2006. Oktoba 2008 ikafunga. Mmiliki wake mkuu alikuwa kundi la Sagawa, mmoja wa wasafirishaji wakubwa wa vifurushi nchini humo, na ndege zake zilikuwa mbili tu: Airbus A300-600 za mizigo. Zilitoka uwanja wa Haneda, Tokyo, kwenda Kitakyushu kule Kyushu, Naha kule Okinawa, na Shin-Chitose kule Hokkaido.

Wanaoitetea huanza na mafuta, na hoja yao ina uzito. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilipita dola 147. Kampuni changa ambayo bado inatafuta wateja haina pa kuuficha mzigo wa namna hiyo. Tena hata wakubwa hawakupona: Japan Airlines iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Januari 2010, na mwaka huohuo ikaachana na ndege zake za mizigo. Ukiangalia hivyo, Galaxy ilizaliwa tu katika wakati mbaya.

Mimi naona mafuta yaliharakisha tu jambo lililokuwa njiani. Ndege mbili ni chache mno. Moja ikiingia matengenezo, nusu ya uwezo wa kampuni imekwenda, na mteja aliyeahidiwa kifurushi asubuhi hatakuwa na subira. Wakati huohuo gharama za mafundi, vipuri na vibali hazipungui kwa kadiri ndege zilivyo chache. Upande wa pili walikuwepo ANA na Japan Airlines, mashirika makubwa ya ndege ya Japani, ambao ndege zao za abiria zilibeba mizigo tumboni. Abiria wameshalipia sehemu kubwa ya safari, kwa hiyo kilo ya mzigo inaweza kuuzwa kwa bei ambayo ndege ya mizigo pekee haiwezi kuifikia.

Hata hivyo, wazo la Sagawa halikuwa la kubahatisha. Ndege za abiria hulala usiku, na vifurushi hukusanywa jioni. Haneda iko wazi saa 24, na Kitakyushu, iliyofunguliwa Machi 2006 kwenye kisiwa cha kutengenezwa, nayo iko wazi usiku kucha. Hapo palikuwa na pengo la kweli. Tatizo ni kwamba pengo hilo lilikuwa na mshindani wa bei nafuu, yaani lori. Kati ya Tokyo na Kyushu ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara kuu, na madereva wakati ule waliendesha kwa saa nyingi mno. Gharama hiyo waliibeba wao kwa miili yao, na haikuonekana kwenye bei ya kifurushi. Hili haligusiwi sana watu wanapoihukumu Galaxy, na kwangu ndilo zito kuliko yote.

Aprili 2024 Japani iliweka kikomo cha saa 960 za kazi ya ziada kwa mwaka kwa madereva wa malori. Mwezi huohuo Yamato, mpinzani mkubwa wa Sagawa, ilianza kusafirisha vifurushi kwa ndege za mizigo aina ya Airbus A321, zenye uwezo wa tani 28 kila moja, kati ya eneo la Tokyo na Kitakyushu, Naha na Shin-Chitose. Ni miji ileile ya Galaxy. Lakini Yamato haikuanzisha shirika la ndege. Urushaji imemwachia Spring Japan, kampuni ya kundi la Japan Airlines ambayo tayari ilikuwa na marubani na vibali. Sagawa ilipaswa kununua huduma hiyo, si kujenga shirika zima kwa ajili ya ndege mbili. Kuifunga mwaka 2008, kabla hasara haijalielemea kundi zima, ulikuwa uamuzi sahihi.