Msibani kwa Wayahudi, mfiwa halishi mtu

Sisi watu wa Tanga hupenda kusema kwamba ughaibuni watu hawajui kuzikana. Kwa jengo ninalokaa hapa New York ni kweli tupu: jirani akifa, utajua siku vyombo vyake vinapotolewa nje. Lakini kazi yangu ya kuhudumia wazee hunipeleka Borough Park, mtaa wa Wayahudi washika dini kule Brooklyn, na wale kwa msiba wametupita.

Wakitoka makaburini, mlo wa kwanza wa wafiwa sharti utoke kwa majirani, aghalabu mayai ya kuchemsha au dengu. Kisha wafiwa hukaa shiva, siku saba, kwenye viti vifupi. Anayekuja kuhani huingia, hukaa, hunyamaza mpaka mfiwa aanze kusema. Hakuna kumhoji mjane "kwani alianza kuumwa lini?" kila anapoingia mtu mpya.

Huruma kwao ni kazi ya mikono. Talmudi, kitabu chao kikubwa cha sheria na mafundisho, inasimulia kuwa mwanafunzi mmoja aliugua na hakuna aliyekwenda kumtazama. Rabi Akiva, mwalimu wao wa dini, akaenda; chumba kikafagiliwa, kikanyunyizwa maji, na mgonjwa akapona. Musa bin Maimuni, mwanachuoni wao aliyefariki Misri mwaka 1204, alipanga sadaka ngazi nane, na ya juu kabisa ni kumpa mtu mkopo, ubia au kazi ili asiombe tena. Ndiyo maana wana vyama vya kukopeshana bila riba, na wengine huazimisha hata magongo na nguo za harusi.

Sisi je? Kaburi tunachimbiana bure, na wanawake hulala mikekani na mfiwa. Hilo silioni hapa na ninalikumbuka sana. Ila wali! Nimeona mjane akikopa mchele dukani alishe waliokuja kumpa pole. Na sisi Waislamu hatuna udhuru: Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani Mu'ta, Mtume aliagiza watu wa nyumba yake wapikiwe.

Juzi kwenye kundi la familia nikapendekeza hitima ipikwe kwa jirani, kwa michango yetu. Shangazi akajibu, "Watu watasemaje, msiba hauna sufuria?" Hela yangu nimemtumia jirani.