Wao husema "tumebadilika", sisi hubadilishana majina

Wiki iliyopita kazini tumekula keki ya talaka. Ndiyo, mmesoma sawasawa. Mwenzangu wa zamu ya usiku, hapa Leeds ninakobeba boksi la kulea wazee, kaachana na mume wa miaka 19, akatuletea keki ya chokoleti tukaila kwa vijiko vya plastiki. Nikamuuliza taratibu, alikufanyia nini? "Wala. Mtu mzuri tu. Tumebadilika."

Keki ikanikwama. Kubadilika! Nani hajabadilika?

Sheria yao nayo inawapa njia. Tangu Aprili 2022, Uingereza na Wales humtaji mwenzio kwa ubaya wowote. Unajaza fomu mtandaoni, unangoja wiki 20, unaomba tena, unangoja wiki 6 na siku moja, kwisha. Hakuna baraza la usuluhishi, hakuna mjomba wa kuwakalisha mkekani.

Kwetu mtu akibadilika tunambadilishia jina. Wakati wa uchumba baba alimwita mama kwa jina lake, shangazi hadi leo anawaigiza. Kifungua mimba alipozaliwa akawa Mama Fulani. Wajukuu walipofika akawa "bibi", na mzee naye akashika hilohilo: "Bibi, maji ya kuoga tayari?" Na mama anaitika! Mwanamke mmoja kaolewa mara tatu, na mume yuleyule.

Najua mtakachosema. Mbeba boksi kashiba, anatufundisha ndoa kutoka kwenye baridi. Mwingine atauliza: hao kina mama fulani ambao majina yao tunayajua siku ya msiba tu, nao wanapendwa? Swali la haki, na linaniuma. Shangazi yangu mwingine aliambiwa "vumilia, ndiyo ndoa" mpaka jino likatoka. Huyo ningemjazia hiyo fomu kwa mkono wangu na keki ningeoka mwenyewe. Sizungumzii kipigo. Nazungumzia watu wawili wasio na ugomvi, wanaoachana kwa sababu mmoja siku hizi anapenda kulala mapema.

Wala sijifanyi malaika. Miaka minne niliyokaa huku peke yangu, kazini waliniita jina langu la kuzaliwa, na nililipenda. Lilinirudishia usichana. Viza ya mume wangu ilipotoka, nikaenda kumpokea Heathrow. Nimesimama na simu mkononi, nasikia "Mama Tatu!" Mara ya pili, "Mama Tatu!" Sikugeuka. Niliona kama anaitwa mtu mwingine, jirani yangu wa Tanga labda. Yeye naye nilishampita kwa macho: ndevu nyeupe, kitambi kimekwisha, koti la kuazima.

Mara ya tatu akaita jina langu lenyewe. Hakuwa amelitamka tangu 2009, Tatu alipozaliwa. Alilisema kwa sauti ya chini, kwa haya, kama kijana aliyetumwa na barua nyumba ya watu. Nikageuka.

Nilimsimulia mwenzangu hayo pale pale kwenye keki. Akauliza, sasa anakuita lipi? Nikamwambia yote mawili: la kuzaliwa akitaka chai, Mama Tatu bili ya gesi ikifika. Akacheka, akanikatia kipande kingine.