Mkihamia Ujerumani na mtoto mdogo, mzazi mmoja achelewe kuanza kazi

Familia nyingi zinazohama Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa kwenda Ujerumani hupanga safari nzima kwa kufuata tarehe ya mkataba wa kazi. Tiketi, nyumba, mizigo, vyote hutangulia. Mtoto wa miaka miwili huachwa azoee mwenyewe, maana inasemwa watoto huzoea upesi. Sisi hatuukubali mpango huo. Kama baba na mama wote wana kazi, mmoja wao aombe kuanza wiki sita hivi baada ya mtoto kupata nafasi Kita, yaani kituo cha kulelea watoto. Na aliombe hilo kabla ya kusaini mkataba, maana akishasaini hana tena nguvu ya kujadiliana.

Kita haimpokei mtoto mlangoni siku ya kwanza ikamwambia mzazi aende zake. Kuna kipindi cha kumzoesha mtoto, Eingewöhnung, na vituo vingi hufuata utaratibu uliopewa jina la Berlin. Siku tatu za kwanza mama au baba anaingia na mtoto, wanakaa kama saa moja, kisha wanaondoka pamoja. Mzazi anakaa pembeni. Hamsukumi mtoto akacheze, wala hamzuii akimkimbilia. Siku ya nne ndipo anaaga na kutoka kwa mara ya kwanza, kwa muda usiozidi nusu saa, akisubiri chumba cha pili. Mtoto akilia na mlezi akaweza kumtuliza, muda unaongezwa siku zinazofuata. Asipotulizika ndani ya dakika chache, mzazi anaitwa arudi, na jaribio jingine linasogezwa mbele. Siku ya kwanza ya kutengana haipangwi Jumatatu, kwa sababu mtoto ametoka kukaa na wazazi wikiendi nzima.

Hapo ndipo tabia moja ya kwetu huleta matatizo: kumtoroka mtoto. Nyumbani mama husubiri mtoto ashughulike na bibi au dada, kisha huchomoka kimyakimya. Huko nyumbani mtoto hubaki na mtu anayemjua tangu alipozaliwa, kwa hiyo halii muda mrefu. Kita hamjui mtu, wala lugha haielewi. Akigeuka akakuta mama hayupo, kesho yake hatamwachia sketi hata dakika moja, na kazi ya wiki nzima inaanza upya. Mwage. Sentensi moja fupi, ileile kila siku: "Mama anatoka, atarudi ukimaliza kula." Halafu utoke kweli, usirudi kuchungulia dirishani.

Watoto wa Kijerumani huja na mwanasesere wa kukumbatia. Wa kwetu apewe kipande cha khanga ambayo mama ameivaa nyumbani na haijafuliwa. Ikatwe iwe ndogo kama taulo la mkono, ishonwe pindo, iandikwe jina. Mtoto analala nayo mchana. Waelezeni walezi kwamba hiyo si kitambaa cha kufutia meza, kwa sababu ikifuliwa kwa sabuni ya kituo harufu inapotea, na mtoto ataikataa.

Sasa makaratasi, maana yanategemeana, na la kwanza likikwama yote yanakwama. Ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia kwenye nyumba yenu, familia nzima, mtoto akiwemo, inapaswa kusajili anwani yake. Mnahitaji pasi, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba mmehamia kwake. Baada ya hapo namba ya kodi ya kila mmoja, hata ya mtoto, hutumwa kwa posta. Kuna jambo dogo ambalo huwakwamisha wengi: barua hupelekwa kwa jina, kwa kuwa nyumba nyingi za ghorofa hazina namba za milango. Jina la ukoo lisipokuwepo kwenye sanduku la barua, barua inarudishwa ilikotoka. Kama mke, mume na mtoto wana majina tofauti, kama ilivyo kawaida yetu, yabandikeni yote, siku hiyohiyo ya kuhamia.

Namba hizo ndizo zinazotakiwa kuombea posho ya mtoto, ambayo kuanzia Januari 2026 ni euro 259 kwa mwezi. Kwa anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya, aina ya kibali cha ukaazi ndiyo huamua kama anastahili. Malipo ya nyuma hayazidi miezi sita, kwa hiyo msisubiri mpaka mambo yatulie.

Kadi ya kliniki ikae kwenye begi la mkononi. Tangu Machi 2020 sheria inaitaka Kita ione uthibitisho wa chanjo ya surua: dozi moja mtoto akishatimiza mwaka mmoja, dozi mbili akishatimiza miwili. Tanzania na Kenya hutoa surua-rubela miezi 9 na miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa sababu mtoto anayetembea hapelekwi tena kliniki kupimwa uzito. Angalieni kadi kabla ya safari. Chanjo yetu haina kinga ya matumbwitumbwi, hivyo msishangae daktari akitaka kuongeza sindano. Mwonyesheni pia kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Ujerumani iliacha kuipendekeza chanjo hiyo mwaka 1998, nayo inaweza kubadilisha majibu ya kipimo cha ngozi cha kifua kikuu.

Mvua hainyimi watoto kutoka nje. Nunueni suruali ya mpira, mabuti ya mpira, viatu vya ndani na seti mbili za nguo za kubadilisha. Majira ya baridi ya kwanza mafua yatafuatana, kila anayeanza Kita hupitia hayo, na hii ni sababu nyingine ya kutaka mzazi mmoja awe huru.

Kuhusu lugha, msimamo wetu ni mmoja: nyumbani zungumzeni Kiswahili. Kijerumani cha kubabaisha cha mzazi hakimsaidii mtoto. Kita itamfundisha kilicho sahihi. Anaweza kukaa kimya kituoni kwa wiki nyingi, hata miezi, huku nyumbani anachonga kama kasuku. Huo ni wakati wa kusikiliza, si ugonjwa. Ila akipelekwa kwenye U7, uchunguzi wa kawaida wa afya ya mtoto unaofanyika kati ya mwezi wa 21 na wa 24, daktari atauliza kama anajua maneno yapatayo 50. Nendeni na orodha mliyoiandika nyumbani, ya Kiswahili na Kijerumani pamoja, na mtake maneno ya lugha zote mbili yahesabiwe. "Maji", "bibi", "sitaki" na "njoo" yote yamo.