Vidonge vya Usingizi Havikatwi kwa Kufuli

Katika mitaa yetu ya Mombasa, kuanzia Kisauni hadi Likoni, jamaa wanapogundua kwamba kijana wao, au hata mama yao, hawezi tena kulala bila vidonge, mapenzi na hasira huwaelekeza pamoja: vidonge hutupwa chooni, mlango hutiwa kufuli. Nasema wazi kwamba hatua hiyo inaweza kuua, na sababu yake imo ndani ya ubongo wenyewe.

Diazepamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, na ile ambayo vijana wa pwani huiita bugizi, ni za kundi moja la dawa za kutuliza na kuleta usingizi, benzodiazepini. Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, GABA, ambayo hufungua vijilango kwenye seli za neva ili chembe za kloraidi ziingie na seli itulie. Dawa hizi huifanya GABA ivifungue vijilango hivyo mara nyingi zaidi. Zikimezwa kila siku kwa majuma kadhaa, ubongo hujirekebisha: vipokezi vya GABA haviitikii dawa kama mwanzo, na glutameti, kemikali inayoamsha seli, huzidishiwa nguvu. Ndipo mtumiaji anapoongeza kidonge, na wala si kwa tamaa au kwa kupungukiwa na imani, kama tunavyopenda kumwambia.

Kuzoea huko hakuendi sawasawa, na hili nalitilia mkazo. Nguvu ya kuleta usingizi ndiyo huisha mapema, pengine ndani ya majuma machache tu, ilhali madhara kwenye kumbukumbu huendelea. Kwa hiyo mtu anaweza kukesha macho wazi usiku kucha na bado akasahau aliyoambiwa asubuhi, huku watu wa nyumbani wakidhani ni uzee au uzembe.

Mtu huyo akinyang'anywa dawa ghafla, kinachomtuliza kimeondoka lakini glutameti bado iko juu. Mikono hutetemeka, hofu humjaa, usingizi hutoweka, na wengine hupatwa na degedege zinazoweza kuwaua, ambazo majirani huona ni jini aliyempanda. Tena diazepamu hukaa mwilini kwa siku nyingi, hivyo arosto yake, yaani mateso ya kuikosa dawa, huweza kuchelewa hata wiki nzima. Jamaa humwona ametulia siku ya tatu, wakashukuru Mungu, wakaacha kumwangalia.

Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi huko Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994, alipendekeza kipimo cha dawa kipunguzwe kwa takriban asilimia 10 kila wiki moja au mbili, ili ubongo upate muda wa kurudi ulivyokuwa. Kazi hiyo huchukua miezi, nayo humchosha mgonjwa na anayemuuguza, lakini ndiyo njia ninayoitetea, chini ya uangalizi wa daktari. Muuza dawa anayetoa vidonge hivi bila cheti cha daktari naye ana sehemu yake katika msiba huu, na simtetei.

Lipo pia jambo ambalo jamaa hawaambiwi. Aliyekaa miezi bila dawa, iwe nyumbani au gerezani Shimo la Tewa, mwili wake umekwisha kusahau kile kipimo kikubwa. Akikirudia siku ya kutoka, hasa pamoja na pombe au heroini, pumzi inaweza kukatika usiku huohuo. Siku hiyo asiachwe peke yake.